Kufunga folda ya kupokelea mafaili kwenye tovuti yako, hatua kwa hatua

Kila mwezi narudishiwa swali lilelile. Kinachobadilika ni jina la mwenye tovuti tu. "Kaka, tovuti ya shule yetu inapeleka watu kwenye kurasa za kamari, nasi hatujagusa kitu. Neno la siri ni gumu, hakuna aliyeliiba. Wameingilia wapi?" Naomba ruhusa ya kuingia, nafungua folda ya picha, na humo, katikati ya picha za sherehe ya kufunga mwaka, nakuta faili moja ambalo si picha. Hapo wiki nzima ya kusafisha inaanza.

Nimeandika mwongozo huu ili jibu liwe mahali pamoja. Ni wako wewe unayeangalia tovuti ya parokia, shule, duka la vipuri au kampuni ndogo inayohudumia migodi, hapa Lubumbashi au kwingine, na ambaye kazi hii hukuisomea bali ulikabidhiwa kwa sababu "unajua kompyuta". Mifano mingi ni ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kwa kuwa ndiyo ninayoikuta karibu kila mara. Joomla na Drupal, programu nyingine za namna hiyo, nitazitaja zinapotofautiana.

Tundu lenyewe likoje

Tovuti za namna hii zinaendeshwa na mafaili ya PHP, lugha ya kuandikia amri za kompyuta. Mtu akiomba ukurasa, seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) inasoma faili la PHP na kutekeleza amri zilizomo. Akiomba picha, seva inaitoa kama ilivyo. Hatari inakuja pale mgeni anapoweza kuleta faili lake la PHP na kuliweka mahali ambapo seva itakubali kulitekeleza. Baada ya hapo hahitaji neno lako la siri. Anafungua anwani ya faili lake kwenye kivinjari, na seva yako inaanza kumtumikia yeye.

Wengi wanategemea ukaguzi wa mlangoni: fomu ikatae kila kisichokuwa picha. Ukaguzi huo uwepo, lakini usiutegemee peke yake. Ni kama sentinele wa parseli anayemtazama mgeni shati bila kufungua mfuko wake. Jina la faili hubadilishwa kwa sekunde moja. Aina ya faili inayotangazwa wakati wa kupakia huandikwa na yuleyule anayelileta. Hata mwanzo wa faili unaweza kuwa wa picha halali kabisa, huku amri za PHP zikiwa zimefichwa kwenye maelezo yanayoambatana na picha.

Kwa hiyo folda inayopokea mafaili ya watu inyang'anywe uwezo wa kutekeleza chochote. Mtu akifaulu kuingiza faili baya, libaki limelala humo bila nguvu. Kazi hiyo iko kwenye hatua ya 4. Kama leo una nusu saa tu, fanya ya 1, ya 4 na ya 5, nyingine uzifanye kesho.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ruhusa ya kuingia kwenye cPanel ya tovuti (ukurasa wa kuisimamia seva), au SFTP (njia ya kuhamisha mafaili kwenda na kutoka kwenye seva). Ukiwa na SSH, njia ya kuipa seva amri za kuandika, kazi itakwenda haraka zaidi.
- Akaunti ya WordPress yenye cheo cha Administrateur.
- Kompyuta. Kwa simu inawezekana, ila kuhariri mafaili ya seva kwa kidole gumba kumewaangusha wengi.
- Kihariri cha maandishi matupu kama Notepad. Usitumie Word: hugeuza alama za kunukuu, na seva haizielewi zikigeuzwa.
- Mega za kutosha kupakua nakala ya tovuti nzima. Angalia kwanza ukubwa wake ndani ya cPanel. Picha za miaka mitano zinaweza kumaliza forfait yako ya mwezi.
- Betri iliyojaa. Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kuhariri, hutajua umeishia wapi.
- Jibu la swali moja kutoka kwa wanaokuhifadhia tovuti: seva inaendeshwa na programu gani, Apache, LiteSpeed au Nginx? Hatua ya 4 inategemea jibu hilo.

Na ufanye haya kwenye tovuti yako tu, au ya mtu aliyekuruhusu kwa maandishi. Kupima tovuti ya jirani "ili umsaidie" bila yeye kujua ni kosa, hata nia ikiwa njema.

Hatua ya 1: Chukua nakala, kisha iondoe kwenye seva

Pakua mafaili yote pamoja na hifadhidata (database), yanamokaa maandishi ya tovuti. Viweke kwenye kompyuta yako na kwenye diski ya nje au flash.

Onyo: usiiache nakala hiyo ndani ya `public_html`, folda ya seva iliyo wazi kwa wote, kwa jina kama `backup.zip`. Roboti, yaani programu zinazojiendesha, hupita usiku kucha zikijaribu majina ya namna hiyo. Ndani ya nakala kuna `wp-config.php`, faili la mipangilio ya WordPress, na ndani ya `wp-config.php` kuna neno la siri la hifadhidata. Ukiiacha pale, umempa mwizi funguo.

Hatua ya 2: Tafuta kilichokwisha kuingia

Kabla ya kufunga mlango, hakikisha mwizi hajabaki ndani. WordPress huweka mafaili yaliyopakiwa kwenye `wp-content/uploads`, yakiwa yamepangwa kwa mwaka na mwezi. Humo tunategemea kukuta picha, PDF, sauti na video.

Kama una SSH, simama kwenye folda kuu ya tovuti na uandike:

```
find wp-content/uploads -type f -iname "*.ph*"
grep -rl "<?php" wp-content/uploads
```

Mstari wa kwanza unatafuta kwa jina. Wa pili unatafuta ndani ya mafaili, pamoja na yale yanayojidai kuwa picha. Huna SSH? Fungua kidhibiti cha mafaili cha cPanel, washa chaguo la kuonyesha mafaili yaliyofichwa, kisha tafuta `.php` ndani ya `uploads`.

Usishtuke ukikuta `index.php` ndogo yenye maneno `Silence is golden` na si zaidi. Hiyo huwekwa na plagini (programu ndogo inayoiongezea tovuti kazi) ili watu wasione orodha ya folda. Lakini ifungue uisome. Nimewahi kukuta `index.php` iliyoanza hivyohivyo, halafu baada ya mistari mingi mitupu amri zikaendelea chini kabisa, mahali ambapo jicho lilikuwa limeshachoka. Ukubwa wa faili ndio ulioniambia: ile ya kawaida ina baiti chache sana, ile ilikuwa na kilobaiti makumi.

Tafuta pia `.htaccess`, faili linaloiambia seva namna ya kuishughulikia folda, ambayo hukuiweka wewe. Mdukuzi anayejua kazi yake anaweza kuleta ya kwake inayoiambia seva ikubali kutekeleza mafaili ya aina anayoitaka.

Ukikuta kitu, usikifute kwa hasira. Nenda kwanza kwenye sehemu ya "Ukikuta faili baya" hapo chini.

Hatua ya 3: Punguza plagini na themu, na usasishe zinazobaki

Matundu mengi ya upakiaji hayatoki kwenye WordPress yenyewe. Yanatoka kwenye vitu tunavyovibandika juu yake: plagini, na themu, yaani sura ya tovuti. Fungua orodha ya plagini na kwa kila moja jiulize: nikiiondoa leo, nani atalalamika? Kama hakuna, ifute.

Nimesema ifute. Kuizima hakutoshi, na kosa hili nalikuta kila mahali. Plagini iliyozimwa haionekani kazini, lakini mafaili yake bado yapo kwenye seva, na faili la PHP lililopo kwenye seva linaweza kuitwa moja kwa moja kwa anwani yake.

Mfano unaofundisha vizuri ni wa Septemba 2020. Plagini ya WordPress iitwayo File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilikuwa imebeba ndani yake faili la mfano kutoka kwa programu nyingine, elFinder. Faili hilo lilibadilishwa jina, likapewa mkia wa `.php`, likaachwa wazi. Mtu yeyote, bila akaunti wala neno la siri, aliweza kulitumia kupakia mafaili yake kwenye seva. Toleo 6.9 ndilo lililoziba tundu. Waliosasisha mapema walipona.

Themu nazo ni hivyohivyo. Agosti 2011 lilijulikana tundu la TimThumb, faili dogo la kupunguza ukubwa wa picha lililokuwa ndani ya themu nyingi sana. Lilikubali kuvuta picha kutoka tovuti chache zilizoaminiwa, lakini lilichokagua ni kama jina la tovuti hiyo limo *ndani* ya anwani. Mtu alisajili anwani ndefu iliyoanza na jina linaloaminika na kuishia na jina lake mwenyewe, akapita. Kisha TimThumb yenyewe ikaliweka faili lake kwenye folda iliyo wazi kwa wote.

Kwa hiyo baki na themu unayotumia na moja ya akiba. Na nakuomba sana: themu ya kulipia unayoletewa "bure" kwenye flash au kwa WhatsApp usiipakie. Hujui nani ameongeza nini ndani. Nunua, au tumia za bure zilizo kwenye hazina rasmi ya WordPress.

Hatua ya 4: Iondolee folda uwezo wa kutekeleza

*Kama seva ni Apache au LiteSpeed.* Tengeneza faili jipya kwenye Notepad, uandike haya:

```
Options -Indexes
<FilesMatch "(?i)\.(php[0-9]?|phtml|phar)(\.|$)">
    Require all denied
</FilesMatch>
```

Lihifadhi kwa jina `.htaccess`, nukta ikiwa mbele na bila `.txt` nyuma, kisha lipakie ndani ya `wp-content/uploads`. Litalinda folda zote zilizo chini yake.

Onyo kubwa: lisiende kwenye folda kuu ya tovuti. Huko kuna `.htaccess` nyingine inayofanya kazi yake, na amri hizi zikiwekwa huko zitafunga tovuti nzima.

Kipande cha mwisho, `(\.|$)`, kina sababu. Kwenye seva zilizopangwa kizamani, Apache huweza kutekeleza faili lolote lenye `.php` popote katika jina, hata likiitwa `picha.php.jpg`. Amri hii inakataa majina hayo pia. Hila ya majina si ya kubuni: mwaka 2013 Joomla ililazimika kutoa matoleo 2.5.14 na 3.1.5 kwa sababu faili lenye nukta moja tu ya ziada mwishoni mwa jina lilipita kwenye ukaguzi wake. Novemba 2020 Drupal nayo ilirekebisha jinsi inavyoshughulikia mafaili yenye mikia miwili. Waandishi wa mifumo hii ni watu makini, na bado jina la faili liliwashinda. Ndiyo maana nasisitiza folda yenyewe.

*Kama seva ni Nginx.* Nginx haisomi `.htaccess` hata kidogo. Unaweza kuiweka, ukalala kwa amani, na isikulinde chochote. Amri inaingia kwenye mipangilio ya seva, juu ya kipande kinachoshughulikia PHP:

```
location ~* ^/wp-content/uploads/.*\.(php[0-9]?|phtml|phar)(\.|/|$) {
    deny all;
}
```

Nasema "juu" kwa kuwa Nginx huchukua amri ya kwanza ya aina hii inayolingana na anwani. Ikiwa chini, ile ya PHP itashika kwanza. Kisha `nginx -t` kuhakiki maandishi, halafu pakia upya mipangilio. Kama huna ruhusa ya kugusa mipangilio ya seva, watumie wanaokuhifadhia tovuti mistari hiyo na uwaombe waiweke.

*Joomla:* folda ya kulinda ni `images`, pamoja na nyingine yoyote ambayo plagini zako hupokelea mafaili. *Drupal:* `sites/default/files`. Drupal hujiwekea yenyewe `.htaccess` humo, jambo jema, ila kwenye Nginx haisaidii, hivyo amri ya Nginx bado inahitajika kwa anwani hiyo.

Hatua ya 5: Jaribu. Usiamini kabla ya kuona

Tengeneza faili liitwalo `jaribu.php` lenye mstari huu tu:

```
<?php echo 6*7;
```

Lipakie kwa cPanel au SFTP ndani ya `uploads`, kisha fungua anwani yake kwenye kivinjari: jina la tovuti yako, `/wp-content/uploads/jaribu.php`.

Ukiona 42, folda bado inatekeleza. Rudi hatua ya 4. Ukiona 403, yaani seva imekataa, umefaulu. Rudia ukitumia jina `jaribu.php.jpg`, na rudia tena ndani ya folda ya mwezi mmojawapo. Halafu fungua picha yoyote ya kawaida ya tovuti kuhakikisha bado inaonekana. Ukimaliza, futa mafaili yote ya jaribio.

Fanya jaribio hili kila mara tovuti inapohamishiwa seva nyingine. Waliokuwa kwenye Apache wakahamia Nginx bila kujua ndio wanaoniandikia.

Hatua ya 6: Nani anaruhusiwa kupakia?

Ndani ya WordPress, Administrateur, Éditeur na Auteur wanaweza kupakia mafaili. Contributeur na Abonné hawawezi. Pitia orodha ya watumiaji. Yule kijana wa mafunzo ya kazi aliyeondoka mwaka juzi bado ni Administrateur? Mwandishi wa habari za parokia anahitaji kweli zaidi ya Auteur? Shusha vyeo, futa akaunti zisizo na mwenyewe.

Angalia pia kama tovuti inaruhusu kila mtu kujiandikisha. Kama huna sababu ya kuiacha hivyo, funga. Kama unayo, hakikisha cheo cha anayejiandikisha ni Abonné.

Hatua ya 7: Fomu za wageni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kampuni ndogo inatangaza kazi. Vijana mamia wanatuma CV, diplôme d'État na picha ya carte d'électeur, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho. Fomu inaviweka vyote ndani ya `uploads`, folda iliyo wazi kwa dunia, kwa majina rahisi kukisia. Hakuna aliyedukua chochote: anayejua anwani anajichukulia. Picha ya kitambulisho cha mtu ikishatoka, hairudi. Code du numérique ya Machi 2023, sheria ya Kongo (RDC) ya mambo ya kidijitali, inagusa pia ulinzi wa data za watu, hivyo lawama itakurudia wewe mwenye tovuti.

Fanya hivi:

1. Jiulize kama unahitaji faili kweli. Mara nyingi namba ya simu na maelezo mafupi vinatosha kwa mchujo wa kwanza, na vyeti vitaletwa mkononi siku ya mahojiano.
2. Kama unahitaji, ruhusu PDF na JPG tu, na weka kikomo cha ukubwa. Megabaiti 2 zinatosha kwa CV.
3. Chagua fomu inayotuma faili kwa barua pepe bila kulibakiza kwenye seva, au inayoliweka nje ya `public_html`. Contact Form 7, kwa mfano, hulituma kwa barua pepe kisha huliondoa kwenye seva.
4. Sasisha plagini ya fomu kabla ya nyingine zote. Contact Form 7 hiyohiyo, ikiwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5, ilitoa toleo 5.3.2 Desemba 2020 kuziba tundu la majina ya mafaili yenye herufi za pekee. Plagini nzuri nayo hutoboka. Tofauti ni kwamba wenyewe huziba.
5. Nafasi ya kazi ikijazwa, futa maombi. Yale usiyoyahifadhi hayawezi kuibwa.

Hatua ya 8: SVG na mafaili mengine ya mashaka

Mchoraji wa nembo atakuletea SVG, aina ya faili la mchoro, na WordPress itaikataa. Usikasirike, imefanya sawa. SVG ni maandishi, na ndani yake inaweza kubeba JavaScript itakayotekelezwa kwenye kivinjari cha anayeifungua, wewe Administrateur ukiwemo. Mwombe mchoraji PNG kubwa. Kama SVG ni ya lazima, tumia plagini inayosafisha SVG wakati wa kupakia.

Onyo: mtandaoni utakuta ushauri wa kuandika `ALLOW_UNFILTERED_UPLOADS` ndani ya `wp-config.php` ili "kuondoa tatizo". Unaondoa ukaguzi wenyewe. Ukiikuta kwenye tovuti uliyorithi, ifute leo.

Hatua ya 9: Ruhusa za mafaili

Folda 755, mafaili 644: namba hizi husema nani anaruhusiwa kusoma, kuandika au kufungua. Ukiona 777 mahali, mtu alikuwa akitafuta njia ya mkato, rekebisha. Kisha ongeza mstari huu kwenye `wp-config.php`, juu ya ule unaosema usihariri zaidi:

```
define( 'DISALLOW_FILE_EDIT', true );
```

Huo unaondoa uwezo wa kuhariri kodi za themu na plagini kutoka ndani ya WordPress, ili mtu akiiba akaunti asiandike PHP moja kwa moja.

Hatua ya 10: Soma logi mara moja kwa wiki

cPanel hutoa logi za wageni, yaani orodha ya kila kilichoombwa na saa yake. Zipakue, kisha:

```
grep -E "uploads/.*\.ph" access.log
```

Mistari yenye 404 au 403 ni roboti zilizogonga mlango zikarudi. Utaziona nyingi, usikose usingizi. Yenye 200, yaani seva ilikubali, ndiyo ya kufuatilia, hasa ikiwa na neno `POST`, yaani mgeni alituma kitu. Angalia saa kwa makini: seva nyingi huandika saa za UTC, na Lubumbashi tuko mbele kwa saa 2. Anayekusaidia akiwa Kinshasa, yeye yuko mbele kwa saa 1. Kubalianeni mnatumia saa ipi kabla ya kuanza kumshuku mfanyakazi aliyekuwa zamu.

Ukikuta faili baya

Andika jina lake, mahali lilipo na tarehe yake. Lipakue likiwa ndani ya zip yenye neno la siri, kwa ushahidi. Ndipo ulifute. Kisha, kwa mpangilio huu:

1. Tafuta tarehe hiyo kwenye logi uone ni anwani gani ilipokea `POST` muda huo. Mara nyingi ndiyo plagini iliyotoboka.
2. Futa plagini hiyo. Pakia upya WordPress na plagini nyingine kutoka kwenye hazina rasmi. Mwenye WP-CLI, chombo cha kuendesha WordPress kwa amri za kuandika, aanze na `wp core verify-checksums`. Itamwambia mafaili ya msingi yaliyoguswa.
3. Kagua `wp-content/mu-plugins`. Kilichomo humo hufanya kazi bila kuwashwa na hakikai kwenye orodha ya kawaida ya plagini.
4. Futa watumiaji usiowajua. Badilisha maneno ya siri ya WordPress, cPanel, SFTP na hifadhidata, yote.
5. Badilisha funguo za siri zilizo kwenye `wp-config.php` (`wp config shuffle-salts`), ili kila aliyeingia atolewe nje, yeye pia.
6. Fanya hatua ya 4 na ya 5 kama ulikuwa hujazifanya.

Waambie wahusika pia. Kama kulikuwa na vitambulisho vya watu, wana haki ya kujua.

Matatizo ya mara kwa mara

*Nimeweka `.htaccess`, sasa folda inatoa kosa la 500.* Badilisha jina la faili kwa cPanel ili picha zirudi, kisha tafuta sababu. Ya kwanza: alama za kunukuu. Ulinakili kutoka WhatsApp au Word, zikageuka za kupinda. Ziandike upya mwenyewe kwenye Notepad. Ya pili: uliongeza `php_flag engine off` uliyoisoma mahali. Pale PHP isipoendeshwa kama sehemu ya Apache, mstari huo huleta 500. Uondoe. Ya tatu: seva hairuhusu mstari wa `Options`. Uondoe huo, ubakize uliobaki, na uwaombe wenye seva wafunge orodha za folda.

*Hakuna kosa, lakini bado naona 42.* Karibu kila mara ni Nginx, au OpenLiteSpeed, ambayo kwenye `.htaccess` husoma amri za kugeuza anwani tu. Kwa hiyo ya pili, weka haya badala yake:

```
RewriteEngine On
RewriteRule \.(php[0-9]?|phtml|phar)(\.|$) - [F,NC]
```

OpenLiteSpeed inahitaji kuwashwa upya ndipo iyaone.

*Picha zote zimepotea.* Angalia ruhusa. Aliyebadilisha 644 kwa kila kitu, folda zikiwemo, amezifunga. Folda zinataka 755.

*Faili linakataliwa kwa ukubwa.* Hilo si tatizo la usalama. Ongeza `upload_max_filesize` kwenye mipangilio ya PHP, na `post_max_size` iwe juu yake kidogo. Lakini picha ya simu ya megabaiti 8 ipunguze kwanza. Wasomaji wako nao wananunua mega.

*Nilikuwa nasasisha, mtandao ukakatika, tovuti inasema iko kwenye matengenezo.* Subiri dakika 10, WordPress hulipuuza tangazo hilo lenyewe. Una haraka? Futa faili `.maintenance` kwenye folda kuu. Kisha rudia kusasisha, kwa sababu plagini ile huenda imebaki nusu.

*Nimefuta faili baya, kesho yake limerudi.* Kuna mlango wa uani ambao hujauona. Angalia `mu-plugins`, kazi za ratiba ndani ya cPanel, na watumiaji wapya. Halafu angalia tovuti nyingine zilizo kwenye akaunti hiyohiyo ya cPanel: ile ya majaribio ya mwaka 2019 uliyoisahau, ile ya rafiki uliyompa nafasi. Mwenye kuingia kwenye moja anafika kwenye zote. Zisafishe siku moja, au zitenganishe akaunti kabla ya kurudia hatua ya 2.